Ngoma Ilitangulia Chama

Huku kwetu Kalangalala, Geita, tukisimuliana habari za uhuru hutajwa wanaume. Ndiyo maana nimekipenda kitabu cha Susan Geiger, TANU Women (1997). Hoja yake ni nzito: Bibi Titi Mohamed na wenzake hawakungoja kufundishwa uzalendo na wasomi. Vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam vilikwisha kuwaunganisha wanawake wa makabila mbalimbali, nao wakaileta nguvu hiyo TANU.

Lakini jina la kitabu linaweka mpaka mwaka 1965, mimi ningeusogeza. Bibi Titi alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972. Ndugu msomaji, uhuru hupimwa pia kwa jinsi ulivyowatendea walioupigania.