Mlango Mmoja kwa Wageni Wengi: Uhakiki wa Mapokezi ya Watumiaji Wapya katika Programu ya Kutambua Magonjwa ya Migomba

Sehemu hii inahakiki namna programu ya simu ya kutambua magonjwa ya migomba inavyompokea mtumiaji mpya. Mfano unaochunguzwa ni Tumaini, iliyozinduliwa mwaka 2019 na taasisi za Bioversity International na CIAT. Uhakiki unasoma madhumuni yaliyotangazwa na waundaji na kuyapima kwa mahitaji ya vibanja vya Bukoba na Muleba. Hoja kuu ni kwamba programu inayodhani kila anayeifungua anatafuta jina la ugonjwa humwacha nje mtu ambaye matendo yake huenda ndiyo yanayoueneza.

Sifa za Tumaini zisipuuzwe. Ilifunzwa kwa picha zaidi ya 50,000, nayo hutambua magonjwa makuu matano na mdudu mmoja mharibifu. Mkulima hupiga picha, akapewa utambuzi na hatua za kuchukua. Taarifa hizo, pamoja na mahali picha ilipopigwa, hupelekwa pia kwenye mfumo wa ufuatiliaji. Picha moja, basi, hutumikia malengo mawili: la mwenye mgomba na la mtafiti. Hata hivyo, katika madhumuni hayo mkulima anabaki kuwa mtu mmoja mwenye haja moja.

Mkoani Kagera dhana hiyo haisimami. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioingia mkoani humo katikati ya miaka ya 2000, hauna tiba. Huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, vifaa vya kukatia, na machipukizi yenye maambukizi. Mama aliyeona ndizi zikiiva kabla ya wakati anahitaji kamera, kisha maelekezo ya kuondoa mgomba mgonjwa na kuvunja maua dume ya migomba iliyo mizima kwa kijiti chenye panda. Anayetafuta machipukizi ya kupanda anahitaji kujua chanzo salama. Chipukizi laweza kubeba vimelea bila dalili, hivyo picha ya jani la kijani yaweza kumpotosha. Mnunuzi anayezunguka na panga lake, akikata mikungu ya kupeleka sokoni, haulizi habari za ugonjwa kabisa. Akipokewa na kamera ataifunga programu, ilhali alichohitaji kuambiwa ni kupitisha panga motoni kabla ya kuingia kibanja kingine.

Yaweza kujibiwa kwamba maswali ya mlangoni huwachosha watu, na kwamba anayetaka msaada apewe kamera mara moja. Pingamizi hili ni la haki, hasa pale simu moja inapotumiwa na nyumba nzima. Lakini linahusu wingi wa maswali. Halifuti haja ya kuuliza. Katika desturi ya Wahaya, mgeni hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, kisha ndipo huelezea kilichomleta. Programu nayo yaweza kuuliza swali moja tu, kwa sauti na kwa picha: leo umekuja na shida gani? Neno "leo" lina uzito wake, kwa kuwa anayelima asubuhi aweza kuwa mnunuzi jioni. Kwa hiyo swali lilenge kazi iliyopo mkononi, lisilenge cheo cha mtu, na jibu liweze kubadilishwa wakati wowote. Hapohapo mlangoni lengo la mtafiti litajwe waziwazi, ili mwenye kibanja ajue kuwa mahali pake panarekodiwa na aridhie au akatae.

Mapokezi ya programu kwa kawaida hupimwa kwa idadi ya waliomaliza hatua za mwanzo. Kwa suala hili kipimo hicho ni hafifu: aliyemaliza hatua zote aweza kurudi shambani na panga lilelile chafu. Inapendekezwa kwamba tafiti zitakazofuata zipime tendo baada ya siku kadhaa: je, ua dume lilivunjwa, panga lilisafishwa, chipukizi lilitoka wapi? Kibanja ni chakula cha leo na urithi wa watoto. Programu itakuwa imempokea mgeni pale tu jibu lake litakapolingana na jambo lililomleta.