Kazi Iliyo Chini ya Maji

Watu wengi hudhani kwamba unyenyekevu wa kiongozi Mkristo ni tabia ya moyo tu, ambayo Mwenyezi Mungu humjalia amtakaye na kumnyima amtakaye. Nami, kwa kuwatazama wale wanaoongoza jumuiya ndogo za Wakristo katika mitaa ya mji wa Uvira, huku Kongo kando ya ziwa, kutoka Mulongwe hadi Kalundu, nimekuja kuamini kwamba ni ufundi, wenye mastadi na wanagenzi wake, na wenye wababaishaji wake pia. Unafanana na ufundi wa kukalafati mtumbwi: fundi hushindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao, kisha chombo hushushwa ziwani, na mahali alipopahangaikia zaidi hukaa chini ya maji, pasionekane na abiria yeyote mpaka siku patakapovuja.

Maaskofu wa Kongo walipoazimia mwaka 1961 kuuegemeza uchungaji kwenye jumuiya zilizo hai, badala ya kuutegemeza wote kwenye misheni, waliutoa uongozi katika nyumba ya padri wakauweka uani kwa jirani, mikononi mwa muuza ndagala, mwalimu asiyelipwa na mjane mwenye sauti ya kuimbisha. Huko hakuna mimbari ya kujifichia. Stadi wa kazi hii hajulikani kwa hotuba. Hujulikana penye bomba. Katika mji huu, ambao kipindupindu kimeuzoea kwa miongo mingi, bidoni hupangwa mstari kabla ya alfajiri, na bidoni ya nyumbani kwa kiongozi ama imekaa katika zamu yake ama imerukishwa mbele. Wala hakuna mahubiri yawezayo kuyafuta aliyoyaona mtoto aliyerukwa.

Kadhalika orodha. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, ukabomoa nyumba na kuua watu wengi, ilidhihirika kwamba panapogawiwa msaada mwenye kuandika majina huwa na mamlaka ambayo hata askofu hana. Hapo ndipo ulipo ufundi wote: kumtanguliza mjane asiye wa kanisa lako, kumwandika hasimu wako kwa mwandiko ule ule uliomwandikia rafiki, kuisoma orodha kwa sauti mbele ya kadamnasi, ili anayenung'unika anung'unike hadharani na ajibiwe hadharani, na jina lako mwenyewe, ikiwa matope yamekuingilia na wewe, kuliandika pasipo haya mahali linapostahili, maana kujinyima kwa kutaka kuonekana nako ni namna ya takaburi, tena ni namna iliyo ngumu kutibika.

Ukishika barabara ya kusini, ziwa likiwa mkono wako wa kushoto, ukapita Makobola na Mboko, utafika Baraka, ambako tarehe 28 Novemba 1964, katika siku za uasi wa Simba, aliuawa Vittorio Faccin, Mwitalia wa umri wa miaka 30, mtawa wa Wamisionari Waksaveri asiye padri. Aliamriwa apande gari la waasi, akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha, alitoka nje. Naye alipoamriwa kupanda alichagua kufa pamoja na nduguye, akapiga magoti kando ya maiti, akauawa papo hapo. Jioni ya siku hiyo, huko Fizi milimani, waliuawa Padri Giovanni Didoné na Abbé Albert Joubert, mzaliwa wa Mrumbi, mwana wa baba Mfaransa na mama Mkongo. Wote wanne walitangazwa wenyeheri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na Kardinali Fridolin Ambongo.

Aghalabu wasemaji husifu ushujaa wao, na ni haki yao kusifiwa. Mimi huvutwa zaidi na jambo dogo. Katika daraja za Kanisa padri hutangulia na bruda hufuata. Alasiri ile ya Baraka aliyetangulia ni bruda, na padri akamfuata bila kugombea nafasi, akamshukia kwa magoti mahali alipoanguka. Sidhani kwamba mtu hulibuni jambo la namna hiyo kwa dakika moja, ikiwa siku zake zote amezoea kukalia kiti cha mbele na kupakuliwa kwanza.

Walakini ufundi huu si wa mashahidi peke yao, na fungu lake gumu, kwa maoni yangu, halimo katika kufa bali katika kung'atuka. Aliyetumikia vizuri hupendwa, na kupendwa humfanya aone kwamba pasipo yeye jumuiya itatawanyika. Siku anapochaguliwa mwingine yampasa akabidhi daftari la michango ya matanga, na ufunguo wa sanduku, na zaidi ya hayo habari za wagonjwa na za nyumba zenye ugomvi, ambazo hazikuandikwa popote. Kisha Jumapili ifuatayo, yule aliyefundishwa naye akimtuma kubeba viti, avibebe. Daftari na ufunguo nimewaona wengi wakivikabidhi. Hilo la viti nimeliona kwa wachache, na karibu wote walikuwa wanawake.