Laina Nne na Kifuniko cha Rejeta

Pikapu ya Peugeot 504 yenye injini iliyotoka nayo kiwandani bado inafanya kazi Uasin Gishu. Asubuhi inabeba mitungi ya maziwa, msimu wa kupanda inabeba mbolea, na wakati wa mavuno inapanga foleni na magunia ya mahindi. Katika gereji moja ya Eldoret utamkuta dada yake wa umri ule ule, bodi yake imenyooka, lakini ukifungua bonneti unaona injini ya Toyota iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika Japani. Gari ni moja, barabara ni moja, mafuta ni yale yale. Kwa nini moja imebaki na injini yake na nyingine haikuweza?

Watu husema ni bahati, au ni mzee mwenyewe anajua kutunza. Ukitazama jinsi injini hizi zinavyofunguliwa na kufungwa, unapata jibu linaloweza kupimwa. Injini ya petroli ya 504 hufa kwa njia mbili hasa: laina zikiwekwa kwa kukisia, na maji yakichemka. Njia hizo mbili zinaungana, na hapa Eldoret zinaungana haraka kuliko Mombasa.

Injini iliyokusudiwa kufunguliwa

504 ilizinduliwa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Wakenya waliifahamu zaidi kupitia Safari Rally: Ove Andersson alishinda nayo mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya coupé, yenye injini ya V6, mwaka 1978. Pikapu ilikuja baadaye, na kwa miaka mingi iliunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Kwa sababu hiyo bado zipo nyingi nchini, ingawa Ulaya iliacha kutengeneza 504 ya saluni mwaka 1983.

Injini ya petroli inayojulikana zaidi ni ya sisi (cc) 1,796. Kipenyo cha silinda ni milimita 84 na pistoni inasafiri milimita 81. Ile ya sisi 1,971 ina safari hiyo hiyo ya milimita 81, ila silinda imepanuliwa hadi milimita 88. Bloku ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya aluminiamu. Kemshafti iko ndani ya bloku, inazungushwa na cheni, na inasukuma valvu kwa vijiti. Hakuna mkanda wa taimingi wa kukatika njiani.

Siri kubwa iko kwenye silinda. Injini nyingi za pikapu za Kijapani za enzi hiyo zilichongwa silinda moja kwa moja kwenye bloku. Ikilika, bloku inapelekwa kwenye mashine ya kupanua, kisha zinatafutwa pistoni kubwa zaidi, na kazi hiyo ina mwisho kwa sababu ukuta wa bloku una unene wake. Kwenye 504 silinda ni bomba linalojitegemea, ambalo mafundi huliita laina. Inasimama ndani ya bloku huku maji ya kupozea yakiizunguka na kuigusa. Ikilika, inachomolewa, na nyingine inaingizwa pamoja na pistoni na ringi zake, kama mtu anavyobadilisha figa moja lililopasuka bila kubomoa jiko. Bloku haikatwi hata chembe. Kwa fundi aliye mbali na mashine kubwa, huo ni uhuru: injini inaweza kurudishiwa upya wake chini ya mti, mradi vipuri vipo na mikono ni safi.

Bei ya uhuru huo

Laina inayochomoka kwa urahisi inaweza pia kukaa vibaya. Chini, inakalia ukingo mdogo ndani ya bloku, na kati ya ukingo na laina kuna sili nyembamba inayozuia maji yasishuke kwenye oili. Juu, ni lazima laina ichomoze kidogo sana kupita uso wa bloku, ili hedi ikifungwa iikandamize gasketi sawasawa kuzunguka kila silinda. Kuchomoza huko ni sehemu chache tu za mia za milimita. Jicho haliwezi kukuona, na ukucha unadanganya.

Ikiwa laina moja imekaa chini kuliko jirani zake, gasketi haibanwi vizuri pale. Moto wa mlipuko unapenya na kuingia kwenye maji. Dalili ya kwanza ni mapovu ndani ya rejeta asubuhi gari likiwashwa, kisha mabomba ya maji yanakuwa magumu kabla hata injini haijapata joto. Mwenye gari anasema rejeta imeziba. Inasafishwa, gari linaendelea kuchemsha, na fedha zinaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Laina ikikaa juu kupita kiasi, yenyewe inabanwa vizuri lakini silinda ya jirani inabaki wazi.

Fundi anayejua injini hii hupima laina zote nne kwa saa ya kupimia kabla ya kuweka gasketi. Asipokuwa na saa, hutumia rula ya chuma iliyonyooka na filagaji. Sili za chini hutengenezwa kwa unene tofauti ili kurekebisha kimo. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi aliyemaliza kazi ni fupi: kila laina imechomoza kiasi gani? Akikujibu kwa namba, umepata fundi. Akisema “iko sawa”, injini yako imefungwa kwa imani.

Kosa lingine hutokea hata kama laina hazibadilishwi. Hedi imetolewa kwa ajili ya valvu au gasketi tu. Mtu anazungusha krenki aone pistoni, au anasukuma gari kulitoa mvuani. Pistoni ikipanda inainyanyua laina kidogo, sili ya chini inaachia, na uchafu unajipenyeza chini yake. Hedi inarudishwa na gari linawaka vizuri. Baada ya wiki kadhaa maji yanaanza kupungua na oili inapauka. Kinga yake ni boliti chache na vipande vya chuma vya kuzibana laina zisinyanyuke mara tu hedi inapotoka. Kazi ya dakika chache inaokoa ovaholi nzima.

Hedi ya aluminiamu nayo ina adabu zake. Inafunguliwa injini ikiwa baridi. Boliti zinakazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana inayopima nguvu, na hukazwa tena baada ya injini kufanya kazi na kupoa. Ikipinda kwa joto huchongwa iwe tambarare, lakini kila ikichongwa inapungua unene na kompresheni inapanda. Anayenunua 504 leo na aulize hedi imechongwa mara ngapi kabla ya kuuliza rangi ilipigwa lini.

Maji huchemka mapema Eldoret

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ina shinikizo la karibu nne kwa tano ya lile la pwani. Injini isiyo na tabo inapoteza takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu zake, na dereva anafidia kwa kukanyaga zaidi. Hilo kila mtu analihisi mguuni. Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni kwamba maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 93 hivi. Iten, mita 2,400, ni nyuzi 92. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni 91.

Injini hii hufanya kazi vizuri maji yakiwa kwenye nyuzi themanini na kitu. Kwa hiyo pwani kuna nafasi pana kati ya joto la kazi na mchemko, na huku juu nafasi hiyo ni nyuzi chache tu. Kinachoirudisha ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kinachoshikilia nusu ya shinikizo la kawaida la hewa ya pwani kinapandisha mchemko hapa Eldoret hadi kama nyuzi 107. Kifuniko kilichochoka springi, au kilichokopwa kwenye gari jingine kwa sababu tu kinaingia, kinakurudisha kwenye 93. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko karibu vyote vilivyo chini ya bonneti, na ndicho kinachoamua kama hedi itabaki imenyooka.

Mtihani wenyewe uko kwenye barabara ya Iten–Kabarnet. Pikapu inapakia maembe Bonde la Kerio, kwenye joto, kisha inapanda Tambach kuelekea Iten, kimo cha zaidi ya kilomita moja wima ndani ya safari fupi. Gia ni ya chini, injini inazunguka kwa nguvu, mwendo ni mdogo na upepo wa kupoza rejeta ni haba. Kadiri joto linavyopanda, ndivyo kiwango cha mchemko kinavyoshuka na mwinuko. Mistari hiyo miwili ikikutana, unaona mvuke.

Hapo feni inakuwa na neno lake. Injini za petroli za Peugeot za kizazi hicho zilikuwa na feni ya klachi ya sumaku ya umeme: inazunguka bure injini ikiwa baridi, inajishika maji yakipata joto. Wazo ni zuri, kwani linaokoa petroli na kupunguza kelele. Lakini kaboni ya umeme inalika, waya unakatika, na feni inabaki ikicheza tu. Mafundi wengi huifunga moja kwa moja kwa skrubu izunguke daima. Kwa pikapu ya mizigo ya milimani sioni kosa hapo: petroli kidogo inapotea, hedi inabaki.

Dawa nyingine ya gereji, ile ya kutoa thamostati ili gari “lipoe”, ni hasara iliyovaa sura ya akiba. Asubuhi za Eldoret zina baridi, na injini isiyo na thamostati inachelewa sana kupata joto. Kabureta, ambayo hewa nyepesi ya huku tayari inaifanya ichanganye petroli kupita kiasi, inaongezewa choki. Petroli isiyoungua inasafisha oili kwenye ukuta wa laina na kushuka kwenye sampu. Ringi na laina zinasuguana zikiwa kavu. Baada ya mwaka gari linakula oili na kutoa moshi wa bluu, na hakuna anayeikumbuka thamostati iliyotupwa.

Kabureta inahitaji jeti ndogo zaidi kwa mwinuko huu, na taimingi inaweza kuwahishwa kidogo kwa sababu silinda isiyojaa hewa haigongi upesi. Lakini marekebisho hayo ni ya hapa. Gari lililowekwa hivyo likishuka Mombasa na mzigo litaanza kugonga, na mlio huo si wa kuvumilia hadi kurudi.

Mafuta ya leo, injini ya jana

Kenya iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na wenye magari ya zamani waliogopa kwa sababu risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu. Hofu hiyo ina msingi kwa hedi za chuma laini ambazo viti vyake vimechongwa ndani ya hedi yenyewe. Hedi ya aluminiamu haiwezi kuwa na viti vya namna hiyo; hupachikwa pete za chuma kigumu. Kinachobaki ni kurekebisha tapeti kwa wakati, nafasi ya egzosi ikiwa kubwa kuliko ya inleti, maana valvu ya egzosi ndiyo yenye moto zaidi.

Kwa 504 za dizeli za sisi 2,304, adui alikuwa mafuta ya taa. Yalikuwa nafuu, na wafanyabiashara waliyachanganya na dizeli hadi serikali ilipoyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi, hivyo pampu na nozeli zilisagika taratibu.

Kubadilisha au kubaki

Injini ya Japani ina mvuto wake: inawaka kwa urahisi na spea zake ziko kila kona. Lakini haiingii peke yake. Inataka viegemeo vipya, giaboksi yake, propela iliyokatwa upya, rejeta inayoitosha na nyaya zilizounganishwa vingine. Namba ya injini iko kwenye logibuku, kwa hiyo mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, lazima iarifiwe. Na historia ya injini hiyo huijui. Umeuza uchakavu unaoujua ukanunua usioujua.

Kabla ya kuamua, pima kompresheni ya silinda zote nne, kisha tia oili kidogo juu ya pistoni upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi na laina, na hizo zinabadilishwa. Isipopanda, tazama valvu na gasketi. Mwisho angalia bloku: ukingo unaokalia laina ukiwa umeliwa na kutu ya miaka ya maji ya mto bila dawa ya kuzuia kutu, au bloku ikiwa imepasuka, badilisha injini bila majuto. Pikapu inayokimbia na mzigo mzito kila siku hadi Nakuru pia ina haki ya injini mpya zaidi, kwa hesabu ya petroli peke yake.

Lakini kwa gari la shamba lenye bloku nzima, hesabu inaegemea injini ya kwanza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo 504 nyingine haitashuka bandarini. Bloku na hedi zilizopo ndizo zilizobaki; laina, pistoni, ringi na gasketi ni vya kuja na kwenda. Fedha za kwanza ziende kwenye kifuniko kipya cha rejeta, thamostati, na maji yenye dawa. Za pili ziende kwa fundi anayeandika kimo cha kila laina kwenye karatasi na kukukabidhi.