Baka la Bluu Lililopauka: Maabara Inavyolitambua

Baka la bluu lina rangi hiyo kwa sababu ya kina. Seli zake zenye melanini zimezama kwenye tabaka la ndani la ngozi. Mwanga mwekundu humezwa huko chini, wa bluu hutawanyika na kurudi juu. Daktari Max Tièche alilieleza baka hili mwaka 1906. Likipungukiwa melanini, kama inavyotokea mara chache, hubaki kinundu kigumu chenye rangi ya ngozi au kijivu hafifu. Kwa macho, daktari atasema ni kovu, na simlaumu.

Kipande kilichokatwa hulowekwa kwenye formalini, huzamishwa katika nta, kisha huchanwa vipande vyembamba vya takriban maikromita 4. Chini ya hadubini huonekana seli nyembamba, ndefu, zilizojipenyeza kati ya nyuzi nene za kolajeni. Tatizo ni kwamba melanoma ya desmoplastiki, saratani isiyo na masihara, nayo inaweza kuwa na sura hiyohiyo.

Hapo hutumika kingamwili, hasa S100 na HMB-45. S100 hushika kwenye yote mawili, kwa hiyo faida yake ni kuiweka kando dermatofibroma (kinundu cha nyuzi kisicho saratani) tu. Kazi kubwa hufanywa na HMB-45. Kwenye baka la kawaida, lisilo la bluu, hufifia kadiri seli zinavyoshuka; kwenye baka la bluu, hata lililopauka, hushika tangu juu hadi chini; kwenye melanoma ya desmoplastiki kwa kawaida haishiki. Tena upaukaji wenyewe ni nafuu kwa fundi. Rangi inayotumika sana kuonyesha kingamwili ni ya kahawia, sawa na melanini, hivyo baka jeusi hulazimu kutumia rangi nyekundu au kuichubua melanini kwanza. Hapa hakuna usumbufu huo.

Hata hivyo, HMB-45 hushika kwenye melanoma nyingi za aina nyingine, kwa hiyo mtaalamu anayesoma vipande bado huhesabu seli zinazogawanyika, hukagua viini na kutafuta tishu zilizokufa. Jeni nayo haimalizi ubishi: utafiti wa mwaka 2009 ulikuta mabadiliko ya jeni ya GNAQ katika asilimia 83 ya mabaka ya bluu, lakini pia katika melanoma nyingi za ndani ya jicho.

Yote haya yanategemea mkono wa aliyekata. Seli hizi zinaweza kufika hadi kwenye mafuta chini ya ngozi. Ukikwangua juujuu, maabara haioni kitako cha baka, na bila kitako mtaalamu hawezi kusema kama limeisha kwa utulivu au linachimba.