Plagi ya SATA: nzuri kwa data, dhaifu kwa mkono wa mtu

Tuanze kwa kuitendea haki. SATA ilipoingia mwaka 2003 ilituondolea ule mkanda mpana wa pini 40, uliokuwa unaziba hewa ndani ya kesi na haukutakiwa kuzidi sentimita 45. Tukapata kebo nyembamba ya pini 7, inayoruhusiwa kufika mita 1, na tundu lenye umbo la L ili usiweze kuichomeka kinyume. Hata pini za eathi zimefanywa ndefu kidogo, zigusane kwanza. Waliofikiria njia ya data walifanya kazi yao.

Waliyemsahau ni mtu. Plagi ya mwanzo haikuwa na kitu cha kuishikilia, inakaa kwa kubanwa tu. Klipu ya chuma ilikuja baadaye, na kebo zisizo na klipu bado zimejaa kwenye droo za maabara zetu. Tena plagi hizi za ndani zimekadiriwa kuchomekwa mara 50. Hamsini tu! Kwa kompyuta ya ofisini inayofunguliwa mara moja kwa miaka mitatu, sawa. Kwa mashine ya maabara inayohamishiwa diski kila anapokuja mwanafunzi mpya, hapana.

Lawama yangu kubwa ni hii: plagi iliyolegea haikati mawasiliano waziwazi. Kila fungu la data linasafiri na namba ya uhakiki, CRC. Isipolingana, fungu linatumwa upya. Kwa hiyo mashine inakuwa nzito bila sababu ya kuonekana, kasi inaweza kushushwa kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3 au 1.5, halafu siku moja diski haionekani kabisa. Mwenye tasnifu anaambiwa "diski imekufa", na ndani yake kuna vipimo vya miaka miwili. Anaanza kutafuta hela za kuokolewa data, kumbe hakuna aliyegusa kebo.

Wakati huohuo diski yenyewe inajua. Kwenye rekodi zake za SMART, namba 199 huhesabu makosa ya CRC, yaani ya njiani. Namba 5 na 197 zinahusu sekta mbovu za diski yenyewe. Ukiona 199 inapanda na hizo mbili ziko sifuri, shuku kebo kwanza. Hesabu ya 199 kwa kawaida hairudi nyuma, hivyo cha kutazama ni kama inaendelea kupanda baada ya kubadilisha kebo. Programu ya bure kama smartctl inaonyesha yote haya. Ujumbe wa kawaida unaomfikia mtumiaji hautofautishi barabara mbovu na gari bovu, na hilo kwangu ni kosa la wabunifu.

Kukagua kwenyewe si kazi kubwa. Zima, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha kesi. Chomoa kebo pande zote mbili (watu husahau upande wa ubao mama) na ushike plastiki, usivute waya. Badilisha kitu kimoja kwa wakati: kebo, kisha tundu, kisha tawi la pawa saplai. Ukibadilisha vyote pamoja, hutajua kilichokuwa kibovu.

Na umeme usisahaulike. Plagi yake ina pini 15 zenye volti 3.3, 5 na 12, na diski ya inchi 3.5 huzungusha mota yake kwa volti 12. Isipozunguka kabisa, anzia hapo. Kuna kituko kingine: toleo la SATA la 2016 liliipa pini ya 3, iliyokuwa ya volti 3.3, kazi mpya ya kuzima diski. Kwa hiyo baadhi ya diski mpya, hasa zilizotolewa kwenye maboksi ya nje, zikiunganishwa na pawa saplai ya zamani hukaa kimya kama maiti, na ni nzima kabisa.