Hekalu la Concordia: Hesabu Ilianzia Kwenye Kona

Anayetaka kulielewa Hekalu la Concordia, mjini Agrigento, kusini mwa Sisilia, asianzie mlangoni. Aanzie kwenye kona. Hapo ndipo mafundi wa Kigiriki walipokutana na hesabu iliyokataa kutimia, na hapo ndipo ustadi wao unapoonekana.

Hekalu hili lilijengwa kati ya mwaka 440 na 430 KK hivi, wakati Agrigento ikiitwa Akragas na wenyeji wake wakiwa Wagiriki. Limezungukwa na nguzo 34: sita mbele, sita nyuma, na 13 kila ubavu ukihesabu na zile za kona. Kila nguzo ina urefu wa karibu mita 7 na imechongwa mifereji 20 ya wima. Jiwe ni la hapo hapo, lina rangi ya asali na limejaa vipande vya kombe. Kwa kuwa uso wake ni wa chengachenga, lilipigwa lipu nyeupe ili ling'ae kama marumaru.

Sasa tutazame juu. Katika mtindo wa Doriki, nguzo hubeba boriti la mawe, na juu ya boriti hupita ukanda wa vibao vya aina mbili vinavyopokezana: trigilifu, chenye mifereji ya wima, na metopi, kilicho bapa. Kanuni ilitaka trigilifu moja ikae juu ya kitovu cha kila nguzo, na nyingine juu ya katikati ya kila nafasi. Kanuni nyingine ilitaka ukanda uishie kwa trigilifu kwenye ncha ya kona. Lakini boriti ni nene kuliko upana wa trigilifu. Trigilifu ya mwisho ikisogezwa hadi ncha, inakiacha kitovu cha nguzo, na metopi ya jirani yake inalazimika kutanuka. Kanuni mbili, na haziwezi kutiiwa zote.

Njia rahisi ilikuwa kuitanua metopi hiyo, na kasoro ingeonekana na kila mpita njia. Mafundi wa Concordia walipunguza nafasi kati ya nguzo badala yake, tena kwa awamu mbili: nafasi ya pili kutoka kona ilibanwa kidogo, na ya mwisho ikabanwa zaidi. Walifanya hivyo mbele na ubavuni. Tofauti ni ndogo tu, jicho haliikamati, na ukanda wa juu unatoka sawasawa. Maana yake ni kwamba kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa, vipimo vya ukanda vilikuwa vimeshakamilika. Jengo lilipanda kutoka chini, lakini hesabu yake ilishuka kutoka juu.

Ustadi huo peke yake usingetosha kulifikisha kwetu. Mwishoni mwa karne ya 6 BK, Askofu Gregorio aliligeuza kuwa kanisa la Mitume Petro na Paulo. Nafasi kati ya nguzo zikazibwa kwa ukuta, na kuta za chumba cha ndani zikatobolewa matao 12, sita kila upande. Kilichokuwa nje kikawa ndani. Nguzo zilizozibwa zikapata wa kuzishika, na jengo likapata watu wa kulitunza. Mwishoni mwa karne ya 18 kuta za kuzibia ziliondolewa, lakini matao yangali pale.

Jirani yake, Hekalu la Zeus, lilikuwa kubwa mara nyingi zaidi, ila halikupata wa kulitumia. Lilianguka, na katika karne ya 18 mawe yake yakasombwa kwenda kujenga gati la Porto Empedocle. Matao ya Concordia huitwa uharibifu na baadhi ya watazamaji. Mimi nayaona kuwa sehemu ya ujenzi: bila waliotoboa ukuta ule, nasi tusingekuwa na kona ya kupimia ustadi wa waliowatangulia.