Mama Hakai Hapa Tena

Kuna muvi ya 1974 ambayo jina lake ukiliweka kwa Kiswahili cha ploti linakuwa hivi: Alice Hakai Hapa Tena. Ndivyo jirani anavyojibu mtu akija kugonga mlango wa nyumba ambayo wenyewe wameshahama. Haongezi neno. Hasemi wameenda wapi, hata kama anajua. Kwetu Kisumu, mwaka wa 2009, kazi hiyo ya kujibu aliachiwa jirani yetu aliyekuwa akiuza omena. Nadhani alijibu watu kama watatu hivi, mmoja wao akiwa mwenye nyumba.

Alice Doesn't Live Here Anymore iliongozwa na Martin Scorsese, na Ellen Burstyn alishinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa kumwigiza huyo Alice. Hadithi yenyewe haina mafumbo. Alice anakaa Socorro, mji mdogo jimbo la New Mexico, na mume mkali na mtoto mmoja anayeitwa Tommy. Mume anakufa kwa ajali ya barabarani. Alice anauza vitu vya nyumba, anampakia Tommy garini, na safari inaanza kuelekea Monterey, California, mji wa bahari alikokulia. Kabla ya ndoa alikuwa mwimbaji, na anaamini akifika huko ataimba tena. Njia ni zaidi ya kilomita 1,500. Hawafiki.

Nasema mapema kwamba hawafiki kwa sababu ugomvi wangu na hii muvi ulianzia hapo. Nimeiona mara tatu. Mara ya kwanza nilifunga laptopu nikiwa na hasira. Mara ya tatu niliiona na mama.

Tuanze garini, kwa sababu ndani ya gari ndipo hii filamu inaposhinda nyingine nyingi za barabarani. Tommy ni msumbufu kupindukia. Anasimulia kichekesho kimoja, mamake hakielewi, anakirudia, bado hakieleweki, anakirudia tena. Anauliza maswali ambayo Alice hana majibu yake. Alice naye si yule mama wa kwenye tangazo la sabuni. Anajibu kwa ukali, anatukana, anacheka, halafu baadaye kabisa kwenye filamu anachoshwa kiasi cha kusimamisha gari na kumtoa mtoto nje, abaki barabarani. Watengenezaji wengi wa filamu wangemfanya mtoto awe malaika ili tumhurumie mama, au wamfanye mama awe shujaa ili tumwonee mtoto wivu. Hapa kuna watu wawili waliochoka, wameketi sentimita chache kati yao, na hakuna mwenye mahali pengine pa kwenda.

Hicho kitu nakijua. Basi letu liliondoka Kisumu jioni. Mama alilipia kiti kimoja, kwa hivyo mimi nilikaa mapajani mwake, miaka kumi, magoti yakigonga kiti cha mbele. Juu ya keria kulikuwa na godoro limefungwa kwa kamba ya katani, gunia la sufuria, na meza ndogo ambayo hadi leo sielewi kwa nini aliiona ya maana kuliko kitanda. Kitanda kiliuzwa. Kabati liliuzwa. Niliambiwa tunahama kwa sababu ya kodi. Niliambiwa pia kwamba tunaenda kuona bahari.

Nilimsumbua na hiyo bahari njia nzima. Nakuru nikauliza, Nairobi nikauliza. Mtito Andei basi liliposimama watu wachimbe dawa, alininunulia chai na mandazi mawili, yeye hakula, na mimi nikauliza tena: bado ni mbali? Huko tutakaa kwa nani? Nitasoma wapi? Akasema, "Sijui, baba. Kunywa chai." Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akisema hajui. Alikuwa anajua bei ya kila kitu, anajua mvua itanyesha saa ngapi, anajua nikidanganya. Sasa tuko katikati ya barabara usiku, zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumbani, na mtu anayeniongoza hajui njia zaidi yangu.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo mada halisi ya hii filamu. Watu huiandika kama hadithi ya mwanamke anayejitafuta, na ni kweli, ila wanaisoma kutoka kiti cha dereva. Isome kutoka kiti cha abiria utaona kitu kingine: mtoto anayegundua kwamba mzazi wake ni binadamu wa kawaida, tena katika siku ambazo hilo ndilo jambo la mwisho angetaka kugundua. Phoenix, Alice anavaa nguo mpya ili aonekane mdogo na kuingia baa moja baada ya nyingine akiomba kazi ya kuimba, huku Tommy akibaki motelini na televisheni. Anapata kazi, na pia anampata Ben, kijana mtanashati aliyeigizwa na Harvey Keitel. Ben ana mke, na mke anapokuja kumwona Alice, Ben anavunja mlango na kugeuka mnyama. Alice na Tommy wanafungasha haraka na kutoroka. Scorsese haweki muziki wa kutuliza watu hapo. Mizigo inatupwa garini, basi. Aliyewahi kuhama kwa haraka anajua kwamba hulii wakati unafungasha.

Sasa niambie, sisi hizo hadithi tumeziweka wapi? Chukua Nairobi Half Life ya 2012, muvi ambayo rika langu linaijua. Mwas anatoka kijijini peke yake, mama anabaki. Msafiri ni kijana, na mzazi ni kama steji: unaondokea hapo, na Desemba unarudi hapo na unga na sukari. Siipingi Nairobi Half Life, ni kazi safi. Lakini ukiangalia kwa makini, hadithi zetu nyingi za safari zimepangwa hivyo, kana kwamba mzazi wa Kenya hasogei. Na ilhali baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 familia nyingi zilihama na watoto juu ya malori. Kuna watoto wa polisi na walimu wanaofuata uhamisho. Kuna wale wa talaka, wale wa kodi. Wengi wetu tumevuka nchi hii tukiwa mapajani mwa mtu, na hakuna aliyetuandika. Nilipokutana na Tommy, mtoto mzungu wa miaka ya sabini mwenye nywele ndefu na mdomo mchafu, nilimtambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Hilo linafurahisha, na linauma kidogo pia.

Turudi kwenye kutofika. Filamu inaanza na Alice akiwa mtoto huko Monterey, na Scorsese ameipaka sehemu hiyo rangi nyekundu ya machweo ya uongo. Unaona wazi kwamba ni studio, kama muvi za zamani za Hollywood. Baada ya hapo tunaruka miaka 27 hadi Socorro na hatuioni Monterey tena. Mara ya kwanza nilidhani ni mbwembwe za mwongozaji. Mara ya pili nikaelewa: Monterey pekee tuliyoonyeshwa ni ya kuchorwa. Alice haendi mjini, anaenda kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu haina steji ya kushukia. Filamu imetuambia hivyo dakika ya kwanza, sisi ndio hatukusikia.

Wanakwama Tucson, hata nusu ya njia hawajafika. Alice anakuwa weita kwenye hoteli ndogo ya barabarani. Sehemu hii ni tamu, hasa Diane Ladd kama Flo, weita mwenzake mwenye ulimi mkali kuliko pilipili. Hapo anatokea David, mfugaji mpole mwenye gitaa, aliyeigizwa na Kris Kristofferson. Na hapa ndipo filamu inapojikwaa. David anamchapa Tommy, siku ya kuzaliwa ya mtoto. Alice anaondoka kwa hasira. Halafu David anamfuata hotelini, wanazozana mbele ya wateja, anasema yuko tayari kuacha shamba ampeleke Monterey, wanakumbatiana, watu wanapiga makofi.

Yaani hivyo tu. Muvi ambayo saa nzima imekataa kutudanganya inatuletea makofi ya wateja. Burstyn anajitahidi, macho yake hayajakubali kabisa, lakini hadithi imeshaamua. Zaidi ya yote, hakuna anayemuuliza Tommy. Mtoto aliyekuwa nusu ya filamu anageuzwa mzigo unaosubiri kuambiwa uwekwe wapi. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilisema Scorsese amemwuza Alice: ndoto amekosa, amepewa mwanaume kama fidia.

Lakini pia nilikuwa na hasira zangu binafsi. Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo, mwaka wa tatu, Eldoret. Mama alikuja kunichukua kwa basi, tukarudi Mombasa na godoro juu ya keria, mwelekeo uleule wa 2009. Safari hiyo yeye ndiye alikuwa na maswali na mimi ndiye nilikuwa nasema sijui. Kwa hivyo mtu yeyote asiyefika alikokuwa anaenda, hata wa kwenye skrini, nilimwona ameshindwa.

Mara ya tatu niliiona sebuleni kwa mama, Mikindani, nikimtafsiria pale mazungumzo yanapokimbia. Kichekesho cha Tommy alikielewa kabla ya Alice. Tulipofika picha ya mwisho, Alice na Tommy wanatembea kando ya barabara hapo Tucson, na mbele yao kuna bango limeandikwa Monterey. Akauliza hicho ni nini. Nikamweleza: ni jina la ule mji waliokuwa wanaenda, lakini hapa ni bango tu la mahali fulani. Akacheka mpaka akashika kiti.

"Kama sisi," akasema. Alikuwa anamaanisha bahari. Ile asubuhi ya 2009 tulishuka Changamwe, kabla ya Makupa, na ukishuka Changamwe unaona malori. Nilikaa wiki kadhaa nikiishi Mombasa bila kuiona bahari. "Mimi mwenyewe sikujua," akasema. "Nilikuwa nimesikia tu Mombasa kuna bahari. Ilibidi nikwambie kitu ndio upande basi."

Nikamwuliza kama anaona Alice ameshindwa. Akaniangalia kama nimeuliza kama maji ni ya moto au baridi. "Mtoto amekula? Ako shule? Ana mahali pa kulala?" Nikasema ndiyo. "Basi amefika. Hilo jina la mji ni la kumnyamazisha mtoto njiani."

Sasa nasoma mwisho wa filamu hivyo, na nafikiri lile bango ndilo jambo la busara zaidi ambalo Scorsese aliweka humo. Monterey ilikuwa ya kuwatoa Socorro, na iliwatoa. Itafute hii muvi. Ukiweza, itazame na aliyekupakata.

Nikamweleza mama kwamba hata hivyo bado sikubaliani na habari ya David. Nilitarajia anipinge hapo pia. Alikuwa ameshainuka kwenda jikoni.

"Huyo alimchapa mtoto," akasema bila kugeuka. "Mimi hapo ningewasha gari."

Sijamwuliza tena kuhusu ile kodi.